Pua ya Mama, Presha ya Baba

"Chumvi iko wapi?" Fundi aliuliza, sahani ikiwa mapajani katikati ya vipande vya vitambaa.

"Hii hapa. Ila usimpe Kopi," mama alisema.

Kopi alikuwa kaka yake Fundi. Walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa baba yao mtupu: paji la uso, masikio, hata kikohozi. Baba alikuwa fundi cherehani hodari, mpaka presha ilipompanda kimyakimya, kiharusi kikampoozesha mkono wa kulia. Tangu hapo Kopi alilindwa kama yai. Fundi alifanana na mama, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na hofu juu yake. Yeye, binti, ndiye aliyeshika mkasi wa baba, ndipo wakamwita Fundi. Mkono wake ndio uliowalisha wote.

Siku hiyo nesi jirani alikuja kuchukua sare aliyoshonewa, akamkuta Kopi akinung'unikia chakula kisicho na chumvi.

"Mdogo wangu, presha ulipima lini?"

"Kupima? Nilijitazama kwenye kioo tu, dada!"

Nesi alicheka, akatoa kipimo mkobani. Aliwaacha watulie kwanza, kisha akampima Kopi. Kawaida. Akamgeukia Fundi.

"Mimi nipimwe ya nini? Mimi ni mama mtupu!"

Nesi alimpima. Akapima tena.

"Iko juu, mdogo wangu."

"Mbona siumwi popote?"

"Wengi hawaumwi. Na sura si kipimo. Kila mtoto huchukua nusu ya chembe za urithi kwa baba, nusu kwa mama. Zinazogusa presha ni nyingi, kila moja huongeza kidogo. Unaweza kuchukua pua ya mama na presha ya baba."

Fundi aliutazama mkono wa baba, uliolala kimya pajani. Akaweka mkasi chini.

"Basi nami ndiyo nimekwisha?"

"Hata kidogo! Umerithi hatari, hujarithi kiharusi. Chumvi unaweza kupunguza. Kutembea unaweza. Njoo zahanati tupime tena, tuhakikishe. Ukiandikiwa dawa, usiziache kwa sababu umejisikia vizuri."

Zahanati ilithibitisha. Fundi alianza dawa. Nguo za wateja akazipeleka kwa miguu. Mama akapika chungu kimoja chenye chumvi kidogo kwa wote, na Kopi naye akawa anapima, maana presha ya leo si ya kesho.

Miezi ikapita, presha ikashuka. Asubuhi moja baba alimtazama binti yake akikata kitambaa, mkasi ukienda moja kwa moja.

"Mkono huo," alisema polepole, "ni wangu. Utunze."