Maji ya Njano ya Kuku

Mama mkwe wangu tulimpa jina la Kwanini, na mwenyewe alilipenda. Fundi akija kuziba paa, ataulizwa kwa nini msumari huu na si ule. Muuza sabuni akibisha hodi, atashikiliwa mlangoni hadi ajute. Jambo moja tu mama hakuwahi kuliuliza: unga wa njano aliotia kwenye maji ya kuku kila asubuhi.

Unga ule ulikuwa dawa. Aliununua mwenyewe kwenye duka la dawa za mifugo tangu aanze kufuga kuku wa mayai. Wawe wazima, wawe wagonjwa, kuku wote walikunywa maji ya njano. Alisema anawakinga. Kuku walitaga vizuri, basi nasi tukanyamaza.

Binti yangu hakubanduka kwa bibi yake. Waliokota mayai pamoja, kisha bibi alimchemshia moja na kulitoa upesi, kiini bado majimaji. Mtoto alililamba hadi kwenye kiganja.

Asubuhi moja aliamka na homa, akaanza kuharisha. Kituo cha afya walimpa dawa, lakini homa haikushuka. Alilala kimya mapajani mwangu, hata maji akayakataa. Niliogopa kwamba ninampoteza.

Tukapelekwa hospitali kubwa. Wakamtundikia dripu na kuchukua damu yake ipimwe. Majibu yalipotoka, wakambadilishia dawa.

Mama mkwe hakutulia. Kwa nini dawa ya kwanza haikufua dafu? Alimuuliza nesi, akamuuliza daktari, mwisho wakampeleka maabara, nadhani ili wodi ipate kupumua. Nilimwacha mtoto na baba yake, nikamfuata.

Maabara tulimkuta mtaalamu mmoja, mwanamke mwenye miwani mizito. Alituonyesha kisahani chenye kifuniko. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe. Alisema utando ule ni vijidudu vilivyotoka kwenye damu ya mtoto, vinaitwa salmonela. Wameviotesha vikawa vingi, mpaka vinaonekana kwa macho. Juu yake kulikuwa na vipande vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa yake.

"Hapa dawa imeua, mama," alisema. "Unaona duara tupu?"

"Na hapa je?" Mama mkwe aliinama mpaka pua ikakaribia kifuniko. Kwenye karatasi ile utando ulikuwa umefika hadi ukingoni, kana kwamba hakuna dawa.

"Hapo dawa imeshindwa. Ndiyo aliyopewa mjukuu wako mwanzo. Nyumbani mnafuga kuku?"

Mama mkwe alifungua mkoba. Vifungo vyake vya nguo huviweka ndani ya pakiti tupu ya ule unga wa njano; akaitoa. Mtaalamu aliichukua, akasoma maandishi. Dawa ilikuwa ya jamii ileile aliyopewa mtoto mwanzo.

"Nawapa kila siku," mama alisema, sauti imemshuka.

"Kwa nini kila siku, mama?"

Nilimtazama mama mkwe wangu. "Nilidhani nawakinga," alisema.

Yule mtaalamu akaeleza polepole. "Dawa huua vijidudu dhaifu. Vilivyo sugu hubaki na kuzaana. Kuku hata akiwa mzima huvibeba. Hutoka na kinyesi, hushika mikononi na kwenye ganda la yai, hata ndani ya yai huweza kuwamo. Vikimwingia mtu, dawa inagonga mwamba."

Dawa mpya ilimkubali mtoto. Siku aliyodai uji, nililia mbele ya wodi nzima.

Afisa mifugo alikuja kupima kinyesi cha kuku, akakuta salmonela sugu kama ile. Alituzuia kuuza mayai mpaka atakapopima tena. Akamwambia mama asitie dawa yoyote kabla kuku hawajapimwa. Ikiandikwa, atoe kipimo kamili na aimalize, na mayai yasiliwe wala kuuzwa hadi muda utakaotajwa upite, dawa iishe mwilini mwa kuku. Mama alimuuliza kwa nini mpaka chai ya mgeni ikapoa.

Sasa matandazo ya banda ni makavu, na vyombo vya maji vinasuguliwa kila siku. Viatu vya bandani havivuki mlango wa jikoni. Kila anayegusa kuku au yai ananawa kwa sabuni, na yai linachemshwa hadi kiini kishike. Mwanzoni, bila ule unga, mama alikuwa akisimama bandani na wasiwasi wake, akingoja kuku waanze kufa. Hawakufa. Afisa aliporudi kupima hakuikuta tena salmonela, akaturuhusu kuuza.

Jana binti yangu alichungulia chombo cha maji.

"Bibi, kwa nini maji ya kuku si ya njano tena?"

Mama mkwe aliweka ndoo chini, akamwinamia.

"Ili siku ukiumwa, dawa ikuponye."