Kitu Kilichozibiwa Njia, na Fotokopi

Nabalayo alimnusa mtoto wake kisogoni, asisikie kitu. Mtoto ametoka kuogeshwa, amepakwa mafuta, na hana harufu kama jiwe. Akamlaza tu. Wa kushtuka alikuwa mama mkwe wake, Selpher.

"Mama Griffins, chai nimeitia chumvi kwa makosa. Wewe umemaliza kikombe?"

"Nimemaliza, mama."

"Na hukusikia?"

"Sikusikia."

Ilikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Nabalayo alikuwa akipiga taipu kwa Mbuthia pale mtaa wa Umoja, Nairobi, chumba kimoja cha kutengeneza programu za mazishi, zile karatasi za ratiba zenye picha ya marehemu. Mbuthia alikuwa amenunua mashine ya fotokopi, kubwa kama jeneza la tajiri, na kwa kuogopa wezi akaziba dirisha lote kwa matofali. Mashine akaisukuma kona, ikawa inampumulia Nabalayo shingoni kutwa. Mwenye akili angeweka mashine dirishani. Mbuthia akili yake yote aliiweka kwenye kufuli.

Selpher alikishuku chumba hicho, akaenda kujionea, Griffins mgongoni. Chumba kilinuka kama mahali radi imepiga, na chini ya hiyo harufu kulikuwa na nyingine, ya nywele zilizoungua. Mashine ilikuwa imezimwa, waya umelala sakafuni. Lakini karatasi iliyokuwa juu yake ilikuwa ikiinuka na kushuka, ikiinuka na kushuka, na Selpher alipotazama vizuri akaona inafuatana na kifua cha Nabalayo, kwamba mashine ikivuta yeye anatoa, na yeye akivuta mashine inatoa, kama watu wawili wanaogawana pumzi moja isiyowatosha, na mtoto mgongoni, aliyekuwa akilia tangu barabarani, akanyamaza ghafla, akalegea, akaanza kuhema kwa mwendo ule ule.

Selpher akatoka mbio. Nje mtoto akalia tena.

"Mama Griffins, toka humo!"

"Programu ya marehemu haijaisha," Nabalayo akajibu, kwa sauti isiyo na mtu ndani.

Mchungaji aliletwa, akaomba kwa kelele, akatoka amesahau alichoitiwa. Basi Selpher, na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, akaenda Eastleigh kwa Mzee Magan, anayewasomea dua watu wenye majini.

"Mzee, kina mama wa kanisa wasijue."

"Mama, hao ndio wateja wangu."

Magan alikuja chumbani kwa Mbuthia, akafukiza ubani, akasoma. Moshi ulizunguka ukuta, ukakosa pa kupita, ukamrudia usoni. Mashine isiyo na umeme ikawaka. Mwanga wa kijani ukapita polepole chini ya kifuniko. Nabalayo akafungua mdomo, na aliyesema hakuwa yeye.

"Nipite wapi? Mmejenga."

"Anasema kweli," Magan akanong'ona. "Hawa hawapiti mlango wa watu. Bomoeni dirisha."

"Na wezi?" Mbuthia akauliza, polepole.

"Mbuthia, lete nyundo," Selpher akasema, "ama nianze na kichwa chako."

Tofali la kwanza lilipoanguka, kitu kilipita juu ya vichwa vyao, karatasi zote zikageuka, na Nabalayo akapiga chafya. Akamnyakua mtoto mgongoni kwa Selpher, akamnusa.

"Ni nani hajambadilisha huyu mtoto nepi?"

Magan alimwambia Mbuthia mashine ikae barazani, upepo uipige, isifungiwe tena ndani pamoja na watu, maana kitu hicho hurudi. Mbuthia akaitikia kwa kichwa. Jioni hiyo hiyo aliipakia kwenye mkokoteni, akaipeleka nyumbani kwake, mtaa wa Pipeline.

Mvua zilipokwisha, Nabalayo alisikia kuwa Nduta, mke wa Mbuthia, amefiwa na mama yake. Akaenda kumpa pole, peke yake. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, ugali ulikuwa ukiungua kwenye stovu, moshi hadi darini. Dirisha lilikuwa limepigiliwa mabati. Nduta alikaa katikati ya moshi, mikono mapajani, na watoto wake watatu wamelala wameegemea mashine, wakihema pamoja.

"Nduta! Chakula kinaungua!"

"Karibu."

"Pole kwa mama."

"Alikufa," Nduta akasema, kama anayetaja siku ya soko.

Nabalayo akamshika mtoto wa karibu mkono, amtoe nje. Mkono ulikuwa wa moto, na mtoto hakuamka. Akavuta, akavuta tena. Nduta aliinuka bila haraka, bila hasira, akafunga mlango, akaweka komeo, akarudi kukaa.

Nabalayo alitaka kukohoa. Lakini moshi haukuwa tena na harufu.