Matawi ya Shangazi

Haya hayakumpata jirani wa jirani. Yalimpata baba mdogo, nami nilikuwepo, nikibishana naye.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu, ya chai na redio. Baba mdogo na shangazi, dada yake, walikuwa wamerithi msitu mmoja wakaugawa katikati. Wote walivuna. Shangazi aliuza magogo peke yake. Matawi na visiki akaviacha vioze palepale, vilishe udongo. Baba mdogo alikiuzia kiwanda cha kuzalisha umeme kwa kuni kila kitu, hadi visiki vikang'olewa kama meno. Kwa shangazi miche ikachipua. Kwa baba mdogo kikabaki kipara.

"Dada ni mchawi," akasema, macho yamemtoka kuelekea ng'ambo ya mpaka.

Hasira zikanipanda. "Mwanamke akitunza ardhi yake ni mchawi. Wewe uliyeikausha yako ni nani? Mfanyabiashara?"

"Wakili wa chuo, kunywa chai."

Shangazi alikuwa kliniki siku hiyo. Baba mdogo akavuta mashine ya kusaga matawi mpaka msituni kwa shangazi. Nilimfuata nikifoka. Hakunijali. Akaanza kuzoa yale matawi yaliyooza nusu, akiilisha mashine.

"Tuone atabaki na nini cha kuringia!"

Mashine ilinguruma. Matawi yakaingia. Hakikutoka kitu.

Akalisha mengine. Hakikutoka kitu.

Akaizima. Mngurumo ukaendelea.

Ulikuwa chini ya miguu yetu.

"Unasikia?" akanong'ona. "Inatafuna."

Nilitimua mbio. Yeye naye akakimbia, lakini kuelekea kwake. Nilipogeuka, kile kipara kilikuwa kitupu. Na pale hapana pa kujificha. Hata kisiki hakuna.

Kesho yake mimi na shangazi tulizikuta buti za baba mdogo mpakani, kamba bado zimefungwa. Kutoka hapo zilianza nyayo za miguu mitupu. Kila unyayo ulikuwa umejaa miche laini, imesongamana, ikifuata umbo la kisigino na vidole vitano. Zilikwenda hadi katikati ya kipara, zikasimama mbili, sambamba.

Nilimsubiri shangazi alie. Alichutama, akaipapasa miche ile polepole. Kisha akautazama msitu wake.

"Mbona yangu haijawahi kuota haraka hivi?" akanong'ona.

Sauti ilikuwa yake. Wivu ulikuwa wa baba mdogo.

Nikamshika mkono, nikamvuta. Hakutikisika. Tayari alikuwa amevua kiatu kimoja.