Kitambaa cha Marhoon

Haya yalimfika rafiki yangu Amur, aliyetoka Unguja akapata kazi kwenye nyumba ya mashine za umeme Maskati, mwaka 1969. Sikuthubutu kumwuliza mara ya pili.

Chumba cha swichi alimofanya kazi hakikuwa na dirisha. Ukutani palikuwa na swichi mbili, mipini yake sawasawa kama pacha: mmoja wa taa za chumbani, mmoja wa kupeleka umeme kwenye waya wa mjini, uliozimwa kila fundi akipanda nguzo. Marhoon, fundi wa nguzo, alichana kipande cha kilemba chake akakifunga kwenye mpini wa waya.

"Kiza kikiingia, ukigusa kitambaa, wacha," alimwambia Amur. "Mimi nnaweza kuwa juu ya nguzo."

Mhandisi, mkubwa wao wa kazi, alikikata kile kitambaa, akakichoma mbele yao. "Mtu aliyefunzwa hahitaji matambara."

Wiki ya pili, mchana kweupe, swichi ya taa iliruka, chumba kikawa kiza. Amur alipapasa, akavuta mpini. Nje, juu ya nguzo, Marhoon alipiga ukelele mmoja tu. Mhandisi aliandika ripoti ya mstari mmoja: kosa la Amur. Mipini ikabaki vile vile.

Mwezi haukwisha, taa zikazimika tena, na fundi mpya yuko juu ya nguzo. Mashine zilinguruma kizani. Amur alinyoosha mkono, akashika kitambaa. Akalipapasa na fundo lake. Akawacha, akavuta mpini wa pili.

Taa zikawaka. Mipini yote miwili ilikuwa mitupu. Kiganjani mwake mlikuwa na jivu, lingali la moto.