Kingo za Majivu

Asubuhi Noela alipofungua kitabu kwenye laptopu yake, yule mwanamke hakuwepo kwenye ukurasa wa kwanza. Akapekua wa pili, hayupo. Kwenye wa tatu palikuwa na ukuta mtupu pale alipokuwa amesimama jana. Noela akajisemea kompyuta nayo imeanza vituko vyake, akaizima, akaiwasha tena. Mwanamke hakurudi.

Pale Ushirombo watu walimjua Noela kwa picha za pasipoti na kadi za harusi, na hakuna aliyetegemea kuwa siku moja angetengeneza kitabu. Lakini Mbuke, mjane wa marehemu Masalu, alimletea mbao zote alizochora mumewe, akamwomba afanye njia watu wamjue mzee. Masalu hakusomea uchoraji popote. Alikuwa akifunga magogo ya kuzuia udongo ndani ya maduara ya Geita, yale mashimo marefu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, na akipumzika alichora kwa rangi za nyumba zilizobaki kwenye makopo. Alichora wanaume wakishuka kwa kamba, akina mama wakiponda mawe, ng'ombe wakinywa dimbwini. Na katika kila picha, pembeni kabisa, palisimama mwanamke wa nguo nyeupe aliyewapa watu kisogo. Kuzunguka ubao mzee alipaka majivu kwa kidole, ukingo mnene uliopinda kama njia ya mlevi.

Ukingo huo ulimkera Noela. Alizipiga mbao picha, akamrudishia Mbuke, kisha, kama afanyavyo kila mtengeneza kadi anayejivunia kazi yake, akakata kingo zote ili michoro ijae skrini. Kitabu kikapendeza, hilo hatumnyimi. Akakiweka mtandaoni na kumtumia kiungo mumewe, Sostenes, aliyekuwa Geita akichimba.

Sostenes alijibu kwa ujumbe wa sauti, wenzake wakisikika nyuma yake wakicheka. "Mke wangu, umeua! Kambi nzima inakiangalia. Ila huyu mama mweupe anayetukodolea macho ni nani?"

Noela alidhani anataniwa. Mwanamke wa Masalu hakuwa na macho wala uso, alikuwa kisogo tu.

Sasa, asubuhi hii dukani kwake, alipekua upesi mpaka ukurasa wa mwisho, na huko ndiko alikomkuta. Alikuwa mkubwa, amesimama kwenye mdomo wa duara, amegeuka. Uso ulikuwa bado haujatulia, mfano wa rangi mbichi, na Noela alipouinamia kuutazama vizuri rangi ikaanza kukauka mbele ya macho yake, nyusi zikajichora, mdomo ukajaa, na juu ya mdomo kikatokea kidoti cheusi ambacho Noela alikijua kwa sababu alikiona kila siku kwenye kioo, kidoti chake mwenyewe. Nje jua lilikuwa linawaka na mvua haikuwa imenyesha tangu masika, lakini duka likajaa harufu ya udongo mbichi wa chini sana, ule unaonukia magogo yaliyooza, na ndani ya laptopu ikaanza kusikika kamba nzito ikikwaruza gogo, taratibu, kama kuna mtu anavutwa juu. Umeme ukakatika. Sauti ya kamba haikukatika. Noela alipoitazama tena skrini, ukurasa wa mwisho nao ulikuwa mtupu.

Mbuke aliingia bila hodi, miguu imejaa vumbi.

"Shikamoo mama," Noela alinong'ona.

"Ng'wanone, mwanangu, umefanya nini? Yule mama hayupo kwenye mbao zangu. Hata mmoja!"

"Nilikata tu kingo, mama. Zile nyeupe."

Mbuke alikaa chini sakafuni. "Nilijua utapiga picha zilivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Mzee alimkuta duarani. Kila aliyemwangalia usoni alishuka naye, hakupanda tena. Kwa hiyo mzee akamchora kisogo, akamzungushia majivu ya jikoni. Jini yule havuki majivu. Rudisha, mwanangu, rudisha sasa hivi!"

Simu ya Noela ikaita. Ni Sostenes.

"Wewe, umefika saa ngapi?" Alikuwa anacheka. "Si ungesema nije kukupokea. Na toka hapo kwenye mdomo wa duara, unajua wanawake hawakaribii hapo, wenzangu watakasirika."

"Sostenes, mimi niko dukani! Usimfuate! Usimwangalie!"

"Acha utani, mbona nakuona unaniita?" Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupatikana.

Noela aliogopa vile ambavyo hajawahi kuogopa maishani. Alizifungua picha za mwanzo, akaanza kurudisha kingo, ukurasa mmoja baada ya mwingine, Mbuke akiomba kwa Kisukuma nyuma ya mgongo wake, kamba ikikwaruza kwa kasi, harufu ikizidi, betri ikiishia, naye akijua kwamba akibadilisha hapa kitabu kinabadilika kwenye simu zote, hata iliyo mfukoni mwa mumewe. Alipofunga ukingo wa mwisho, kamba ikanyamaza. Harufu ikaisha. Mwanamke mweupe alikuwa amerudi pembeni, amewapa watu kisogo.

"Ametulia," Mbuke alisema, akimshukuru Mungu huku analia. Noela naye akalia kwa furaha.

Simu ikaita. Safari hii alikuwa George, aliyekuwa akichimba duara moja na Sostenes.

"Shemeji, mko wapi? Tumekuona umemshika mkono mkashuka wote. Tumeteremka mpaka chini na hakuna mtu. Simu yake iko hapa juu."

Noela alishusha simu. Alikuwa akiutazama ukurasa wa mwisho. Kando ya mwanamke mweupe palikuwa na mwanamume wa rangi mbichi, amevaa fulana ya bluu ambayo Noela aliifua mwenyewe wiki iliyopita. Alikuwa ameelekea mbele, mdomo wazi, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye ukingo wa majivu.

Mbuke naye alimwona. Akaushika mkono wa Noela kwa nguvu zake zote.

"Hapana, mwanangu. Ukiufuta watatoka wote wawili."

Noela alikuwa ameshaanza kufuta.