Meza Iliyosahauliwa Kwenye Ramani

Walikutana kwa kugongana. Ilikuwa asubuhi ya mizigo mingi, ghala limejaa wakusanyaji wa bidhaa na matoroli yao. Mchoraji, aliyeletwa kupanga upya ghala, alichomoza nyuma ya rafu, macho kwenye ramani, na toroli la katoni za sabuni likamkumba.

"Pole, dada. Umeumia?"

"Iliyoumia ni ramani yangu," alisema, akiiokota.

Kijana aliyelisukuma toroli alivaa ovaroli ya buluu iliyonyooshwa vizuri, mikunjo imesimama. Nani hupiga pasi ovaroli? Palepale akambatiza Bwana Pasi.

Hakuwa na haja ya kumtafuta tena. Rafu zilikuwa ndefu, hazina pa kukatiza, kwa hiyo kila mkusanyaji alikwenda mpaka mwisho, akapita mbele ya meza ya Mchoraji, ndipo arudi. Bwana Pasi alipita na salamu, kisha na utani, mwishowe na vikombe viwili vya chai. Mapenzi yakakolea.

Lakini Mchoraji aliajiriwa kuupunguza mwendo huohuo. Akafungua kijia katikati ya rafu, akaisogeza sabuni, inayotoka kuliko bidhaa zote, karibu na mlango wa kupakilia. Meneja akampa wiki ya majaribio. Magari yakichelewa, rafu zitarudi zilipokuwa, naye aage.

Magari yakachelewa. Yote yalisubiri sabuni, na sabuni ilikuwa kwa Bwana Pasi, aliyezunguka njia ndefu ya zamani huku ameinamisha kichwa. Jioni Mchoraji akampigia simu.

"Mpenzi, unanikomoa?"

"Mimi?"

"Kijia kipo, wewe unazunguka. Kama umenichoka sema, usinimwagie mchanga kwenye kitumbua."

Bwana Pasi akauliza taratibu, "Ulipochora, uliangalia meza yako iko wapi?"

"Iko palepale."

"Ndiyo. Na kijia chako hakifiki hapo. Nikaona umenitoa kwa mkono wako mwenyewe. Nikasema basi, nitazunguka, angalau nikuone."

Mchoraji akaketi. Alikuwa amepima mwendo wa kila katoni, na mtu anayempenda hakumfikiria.

"Mjinga wewe," alisema, akicheka na machozi yakimtoka. "Si ungeniambia?"

"Niseme nini? Rudisha rafu, nimemkosa mchumba?"

Asubuhi Mchoraji alikuja amevaa gauni jekundu, akaiburuta meza mwenyewe hadi kwenye mdomo wa kijia kipya. Bwana Pasi alipotokea na toroli alicheka mpaka akalifunga breki. Siku hiyo magari yakaanza kuondoka mapema. Siku ya mwisho ya majaribio uwanja wa kupakilia ulikuwa mtupu jua likiwa bado juu. Meneja, asiyejua kusifu, akakipita kijia kwenda na kurudi.

"Rafu zibaki," alisema. "Na wewe ubaki."

Wakusanyaji wakapiga makofi. Bwana Pasi akaegesha toroli mbele ya meza.

"Hata hapa bado ni mbali," alisema. "Tuoane, tupunguze mwendo."

Mchoraji akamnyooshea kola, ingawa ilikuwa imenyooka.

"Kamwambie baba."

"Lini?"

"Leo. Na usizunguke."