Futi za Mnara

Miguu mitatu ya chombo cha kupimia ndiyo iliyomkwaza rubani katikati ya ukumbi wa abiria, kahawa ikamwagikia shati lake jeupe pee.

"Dada, humu unapima nini? Pua zetu?"

"Napima vitu vinavyochomoza njiani mwa ndege," alijibu mpimaji. "Na wewe umechomoza."

Wiki haikwisha, wakawa chanda na pete.

Mwezi wa nne wa penzi lao, ulijengwa mnara wa simu kilimani, mbele ya uwanja wa ndege. Mpimaji akaupima, akaandika kipimo kipya: penye mawingu, rubani asishuke chini ya futi mia sita hamsini kabla hajaona barabara ya kutua. Zamani zilikuwa mia nne.

"Unatubania, mpenzi," rubani alimtania kwenye simu.

"Nakutaka mzima mie, si vipande."

"Haya, Jumamosi saa nane nipo kwa mama yako. Nisipotokea, niache!"

Jumamosi mawingu yalilalia mapaa ya nyumba. Mpimaji alivaa gauni la kijani lililombana kiunoni, akakaa dirishani. Saa nane ikapita. Saa tisa kasoro, simu ya rubani bado haipatikani.

"Mwanangu, anayekutaka haogopi mvua," mama alisema, akafunika vyakula.

Maneno yalimchoma. Akazima simu, akalia mpaka wanja ukamchuruzika.

Jumatatu walikutana palepale ukumbini.

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Nilikuja, mpenzi. Nilishuka mpaka mia sita hamsini, sikuona barabara, nikapaa. Nikajaribu tena, wapi! Tukaenda kutua mji mwingine. Nimekupigia mpaka kidole kimeota sugu."

"Si ungeshuka kidogo tu..."

Hakumaliza. Futi zile aliziandika kwa mkono wake mwenyewe.

"Mnara ulikuwa humo humo mawinguni," rubani alisema taratibu. "Nyuma nina abiria hamsini. Nikakuamini wewe."

Mpimaji akajishika mdomo. "Kumbe nimekufukuza mwenyewe, halafu nikakununia mwenyewe!"

"Na hasira zako hazina kipimo."

Akacheka huku machozi yakimtoka. Rubani akatoa pete mfukoni.

"Nimechelewa siku mbili. Utanioa... aa, nikuoe?"

Mpimaji akamnyooshea kidole cha pete.

"Nioe. Ila kwa mama tunakwenda sasa hivi, na tunakwenda kwa teksi."